Bwawa la Sasumua: Nairobi hulipia kusafisha tope, hailipi kulizuia

Mvua kubwa ikinyesha usiku Kinangop Kusini, maji yanayoingia bwawa la Sasumua asubuhi huwa yamebeba udongo wa mashamba. Udongo huo ulikuwa mali ya mtu. Mkulima wa viazi ameupoteza pamoja na mbolea aliyoinunua kwa bei ya kuumiza. Mtambo wa kusafisha maji utatumia dawa zaidi kuutoa. Halafu mkaaji wa Nairobi, anayefungua mfereji mbali na milima ya Nyandarua, ndiye atakayeilipia dawa hiyo kwenye bili, au atakayekosa maji kabisa kama tope limezidi uwezo wa mtambo. Mvua ni moja, hasara ni tatu, na kila mmoja anabeba yake bila kujua ya mwenzake. Nimekifuata kisa hiki kwa sababu naamini kinaonyesha mahali sera yetu ya maji inapovuja, kuliko miradi mikubwa inayozinduliwa kwa kukata utepe.

Sasumua si bwawa kubwa. Ujazo wake ni takriban mita za ujazo milioni 16, ilhali Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, hubeba milioni 70. Ndiyo maana likitajwa bwawa hapa Nairobi, watu huwaza Ndakaini. Lakini Sasumua lilitangulia. Lilikamilika mwaka 1956, ukuta wake ukaongezwa kimo mwaka 1968, na mtambo wake hutoa takriban mita za ujazo 60,000 kwa siku. Maji hayo huteremka yenyewe mpaka matangi ya Kabete kwa sababu bwawa liko juu sana kuliko jiji. Kwa mji unaoishi kwa mgao wa maji, maji yasiyohitaji umeme wa kuyasukuma ni neema.

Tarehe ya kukamilika kwake ina uzito. Mwaka 1956 Kenya ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Msitu wa Nyandarua, unaolisha bwawa hili, ndio uliokuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau, na kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba mwaka huo huo. Kinangop yenyewe ilikuwa nchi ya walowezi. Waafrika waliokuwa huko walikuwa vibarua, na hakuna aliyewauliza wanaonaje kuhusu bwawa la kupeleka maji jijini. Wengi wa wanaoishi kando yake leo ni watoto na wajukuu wa waliopewa mashamba miaka ya 1960 kupitia mpango wa ekari milioni moja. Walipofika, bwawa lilikuwa tayari lina mwenyewe. Kwa hiyo hapajawahi kuwa na siku ambayo jiji na majirani wa Sasumua walikaa chini wakakubaliana nani anapata nini, na jambo hilo halijarekebishwa mpaka leo.

Kuna habari moja ya bwawa hili ambayo ni watu wachache wanaoijua, nami huisimulia kila nipatapo nafasi. Ukuta wake ni wa udongo, na udongo wa mfinyanzi wa huko ulipopimwa maabara ulitoa matokeo yaliyowatia wahandisi wasiwasi: ulishika maji mengi kupita kawaida na haukukazana walivyotarajia. Mshauri alikuwa Karl Terzaghi, mtu anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa sayansi ya mekanika ya udongo. Alieleza kwamba chembe za mfinyanzi huo zimeshikana katika vifundo vidogo, na ndiyo sababu una nguvu ambayo vipimo vya kawaida havionyeshi. Ukuta ukajengwa, naye akaandika kuuhusu mwaka 1958. Udongo wa Kinangop ulichunguzwa na mabingwa wa dunia ulipohitajika kushikilia maji ya Nairobi. Unapotoka shambani kwa mkulima, hakuna anayeuhesabu.

Eneo linalolisha bwawa ni dogo, takriban kilomita za mraba 107. Mto Sasumua huingia wenyewe, na sehemu ya maji ya Chania na Kiburu huelekezwa humo. Juu ni msitu, chini ni mashamba. Maji ya msituni hufika yakiwa safi kwa sababu majani na mizizi huyapunguza kasi, yakazama, kisha yakatoka polepole kwenye chemchemi. Ya mashambani huja kwa mbio.

Kwa nini matuta yanashuka na mteremko

Ukipita kando ya Njabini, mji wa Kinangop Kusini, msimu wa kupanda, utaona matuta ya viazi yamenyooka kutoka juu ya kilima hadi chini kwenye kijito, kama mistari ya daftari lililosimamishwa wima. Afisa yeyote wa kilimo atakwambia hilo ni kosa. Tuta linaloshuka na mteremko linageuka mfereji, na kila mvua hupita humo na kiasi chake cha udongo. Tuta lilipaswa kukata mteremko.

Nilimuuliza mzee mmoja wa huko, akiwa amesimama na jembe katikati ya mistari hiyo, kwa nini hawalazi matuta. Hakukasirika. "Mwanangu," akaniambia, "nikiyalaza maji yatasimama, na viazi vikikaa majini vinaoza. Utakula nini huko Nairobi?"

Jibu hilo lina elimu kuliko semina nyingi. Kinangop ni nchi ya baridi na mvua, na sehemu nyingi udongo wake hauyanywi maji upesi. Kiazi kinachokaa kwenye unyevu huoza, na shamba lenye unyevu mwingi hushikwa na baka chelewa, ule ugonjwa unaoweza kumaliza majani yote kwa siku chache. Kumwondolea kiazi maji haraka ni busara ya mtu aliyewahi kupoteza mavuno. Na kuna jambo la pili, ambalo mzee hakulitaja lakini linaonekana kwa macho: mashamba yamegawanywa kwa urefu. Baba akigawia wana, kila mmoja hutaka afike barabarani juu na mtoni chini, kwa hiyo ardhi hukatwa vipande virefu vyembamba vinavyoshuka. Kwenye kipande chenye upana wa mita 30, kulima kwa kukata mteremko kunamaanisha kugeuza plau kila baada ya hatua chache. Mwenye trekta la kukodi hatakubali.

Tulifanyie hesabu shamba hilo. Ekari moja yenye upana wa mita 30 ina urefu wa mita 135 hivi. Mkulima akiambiwa apande ukanda wa nyasi wenye upana wa mita mbili kila baada ya mita 20, atapanda kanda sita. Jumla ni mita za mraba 360, karibu sehemu moja ya kumi ya shamba lake. Ndiyo, nyasi hizo zitalisha ng'ombe, na maziwa Kinangop ni fedha. Lakini napia, aina ya nyasi za malisho, haipendi sakitu, na katika miinuko ya pale hukua kwa kusuasua. Mwaka wa kwanza mkulima hupata hasara tupu: ametoa ardhi na kibarua cha kupanda, wala hajavuna kitu. Manufaa makubwa ya ukanda ule hayabaki kwake, yanateremka na maji mpaka Kabete.

Hayo maji yana mwenzake barabarani. Viazi vya aina ya Shangi na kabichi za Kinangop hupakiwa kwenye malori yanayopitia kituo cha Flyover, vingine vikiuzwa Soko Mjinga kwa wasafiri wa barabara ya Nakuru, na vingi vikishushwa soko la Marikiti jijini kabla ya alfajiri. Chipsi za Nairobi ni za kutoka huko. Kwa hiyo ardhi ile ile tunaitaka itupe viazi vya bei nafuu na wakati huo huo itupe maji masafi. Tunalipia viazi, tena kwa kubanana na mkulima mpaka shilingi ya mwisho. Kwa kazi ile ya pili hatulipi chochote.

Tope likifika bwawani

Mchanga mzito haumsumbui fundi wa mtambo sana. Huzama wenyewe, ingawa unapozama unakula nafasi ya maji bwawani, mwaka baada ya mwaka. Msumbufu ni mfinyanzi. Chembe zake ni ndogo mno na zina chaji za umeme za aina moja, kwa hiyo zinasukumana, na maji yanaweza kukaa siku nyingi bila kutulia. Hapo ndipo hutiwa shabu, chumvi ya aluminiamu inayovunja huko kusukumana. Chembe hukutana, zikawa mabonge mepesi yanayofanana na manyoya, mabonge yakazama, na maji yaliyobaki juu yakapitishwa kwenye machujio ya mchanga.

Kadiri maji yalivyo machafu ndivyo shabu inavyoongezwa. Machujio nayo huziba upesi, na huoshwa kwa kurudisha nyuma maji ambayo yamekwisha kusafishwa. Maana yake ni kwamba siku ya tope mtambo unatumia dawa nyingi zaidi na kutoa maji machache zaidi. Mbolea iliyoshikamana na udongo, hasa ile ya fosfeti, hulisha mwani bwawani, na mwani una taabu zake za harufu na ladha. Gharama hizi hulipwa kila msimu wa mvua bila mjadala, kwa sababu zina risiti: kuna muuzaji wa shabu, kuna zabuni, kuna safu kwenye vitabu vya hesabu. Mkulima aliyeacha sehemu ya kumi ya shamba lake iwe nyasi hana zabuni aliyoshinda. Ameipunguza gharama kabla haijazaliwa, na gharama isiyozaliwa haina mahali pa kuandikwa.

Siyo mashamba peke yake yanayotoa udongo huo. Barabara za murram zisizo na mitaro mizuri hukusanya maji kutoka kilima kizima na kuyamwaga mahali pamoja, na vijia vya mifugo huchimbika hadi vikawa makorongo. Nayataja haya kwa sababu mkulima anachoka kuonyeshwa kidole kwa tope ambalo nusu ya njia lilipita kwenye barabara ya serikali.

Mvua za Mei 2003 zilionyesha upande mwingine wa hatari. Zilibomoa njia ya kumwagia maji ya ziada, na bwawa likaendeshwa chini ya ujazo wake kwa miaka kadhaa mpaka lilipokarabatiwa. Jiji lilijifunza kwamba bwawa dogo likipungua, pengo lake linaonekana. Sina hakika kama lilijifunza chochote kuhusu wanaoishi kando yake.

Majirani na senti hamsini

Malalamiko ya majirani wa Sasumua ni ya miaka mingi na ni mepesi kueleza: bomba kubwa linapita, lakini halijasimama kwetu. Viongozi wa Nyandarua, na wenzao wa Murang'a kuhusu Ndakaini, wamedai mara nyingi mgao wa mapato ya maji. Katiba ya 2010 inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, kifungu cha 43. Katiba hiyo hiyo inaziweka huduma za maji mikononi mwa kaunti. Matokeo yake ni kwamba bwawa liko kaunti moja, linaendeshwa na kampuni ya kaunti nyingine, na muswada wa kugawana faida za rasilimali asilia umezunguka Bungeni tangu 2014.

Watetezi wa jiji hujibu kwamba maji ni ya taifa na jiji tayari hulipa ada ya kuyachota. Ni kweli. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ada ya senti 50 kwa kila mita ya ujazo ya maji ya matumizi ya nyumbani. Basi tupige hesabu kwa ada hiyo ya 2007. Mita za ujazo 60,000 kwa siku ni shilingi 30,000, yaani karibu milioni 11 kwa mwaka, na hizo huenda kwa mamlaka ya kitaifa ya rasilimali za maji. Sasa njoo Mukuru, mtaa wa mabanda jijini, siku ya mgao. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi tano tu, ambayo ni bei ya siku njema, mita moja ya ujazo ina mitungi 50, yaani shilingi 250. Maji yale yale yametoka chemchemini kwa senti 50 na kufika kwa mama wa Mukuru kwa bei mara 500. Kati ya ncha hizo mbili wapo wengi waliopata riziki, wengine kwa haki na wengine kwa kuvunja mabomba usiku. Ni ncha mbili hizi, mkulima wa mlimani na mnunuzi wa mtungi, ambazo ndizo maskini kuliko zote na ndizo zisizo na sauti.

Yaliyokwisha kujaribiwa

Itakuwa si haki kusema hakuna aliyefikiria hili. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, chenye makao yake hapa Gigiri, walifanya kazi Sasumua wakichunguza kama jiji linaweza kuwalipa wakulima kwa kulinda maji. Walipitisha takwimu za eneo kwenye modeli za kompyuta wakaonyesha kwamba kanda za nyasi, kulima kwa kukata mteremko na njia za maji zilizopandwa nyasi vyote hupunguza udongo unaofika bwawani. Upande wa sayansi hauna utata. Utata ni wa mfuko gani utoe pesa.

Mwaka 2015 ukazinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ukiongozwa na shirika la The Nature Conservancy, kwa mfano wa ule wa Quito, Ecuador, ulioanza mwaka 2000. Uchambuzi wake wa kibiashara ulikadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa kwenye mashamba ya juu zitarudisha dola milioni 21.5 katika miaka 30. Umegusa Sasumua, Thika-Chania na Maragua: miche, nyasi, makinga maji, na vile vidimbwi vya kuvunia mvua vilivyotandikwa karatasi ngumu ya plastiki. Vidimbwi hivyo navipenda, kwa sababu vinamjibu mzee wa Njabini kwa lugha yake. Maji anayotaka yaondoke kwenye viazi yanapata mahali pa kwenda, kisha yanarudi kumwagilia sukuma wiki na vitunguu kiangazini, wakati bei iko juu. Mkulima haombwi kujitolea kwa ajili ya jiji. Anapewa sababu yake mwenyewe.

Hata hivyo, mfuko unaotegemea wafadhili na kampuni zenye moyo mwema unaweza kusimama siku yoyote, ilhali mvua haisimami. Ukanda wa nyasi hudumu maadamu kuna faida ya kuuacha. Bei ya viazi ikipanda, jembe litaingia. Ndiyo maana nashikilia kwamba malipo haya yawe sehemu ya bei ya maji ya Nairobi, kama ilivyo shabu.

Ni kiasi gani? Chukua shilingi moja kwa kila mita ya ujazo inayotoka Sasumua. Kwa mwaka ni karibu milioni 22. Lakini karibu nusu ya maji ya Nairobi hupotea njiani au hayalipiwi, kwa hiyo tuseme milioni 11. Tukichukua kwamba nusu ya zile kilomita za mraba 107 ni mashamba, tunapata kama ekari 13,000. Ukigawa sawasawa, kila ekari itapata shilingi 800 na kitu, ambazo hazimbadilishi mtu mawazo. Ukilenga robo yenye miteremko mikali na iliyo karibu na vijito, unafika takriban shilingi 3,300 kwa ekari kila mwaka. Huo si utajiri, lakini unafidia ile sehemu ya kumi ya shamba katika mwaka mgumu wa kwanza. Kwa mwenye nyumba Lavington, mtaa wa matajiri, shilingi hiyo haionekani. Kwa vioski vya maji na kwa matumizi ya chini kabisa isitozwe.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu alipwe kwa kutii sheria. Kanuni za kilimo za 1965 zinakataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, na zinataka makinga maji kwenye miteremko ya chini ya hapo. Zimekuwepo zaidi ya nusu karne, na udongo bado unashuka. Huwezi kushtaki kilima kizima, na hata ukiweza, utakuwa umewaambia wakulima kwamba jiji linawajua tu linapotaka kuwaadhibu. Watu wa Kinangop si wa kusukumwa. Mradi wa umeme wa upepo wa zaidi ya megawati 60 ulifutwa huko mwaka 2016 baada ya wenyeji kuupinga, na suala la ardhi lilikuwa kiini cha ugomvi.

Hofu ya wizi ina msingi zaidi, na dawa yake ni kulipia kitu kinachoonekana. Asilipwe mtu kwa kuhudhuria mafunzo. Alipwe kwa ukanda ulio hai msimu wa pili, uliopimwa na chama cha watumiaji maji cha mto husika mbele ya majirani, na orodha ibandikwe sokoni Njabini. Majirani wanajua ni nani aliyelima nyasi zake.

La mwisho ni maji yenyewe, na kwangu hili lingetangulia kabla ya shilingi yoyote. Asilimia mbili ya kinachosafishwa Sasumua kwa siku ni mita za ujazo 1,200, sawa na mitungi 60,000 ya lita 20. Jiji linapoteza zaidi ya hapo kwenye mabomba yanayovuja kabla ya watu kuamka. Kila bei ya maji inapopitiwa upya, sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla bodi ya udhibiti haijaidhinisha, na mara nyingi sisi wa Nairobi huenda huko kulalamikia mgao peke yake. Safari ijayo tuombe mambo mawili yaandikwe kwenye pendekezo lenyewe: ile asilimia mbili ibaki katika vijiji vinavyozunguka bwawa, na ile shilingi moja iwe na mstari wake kwenye bili, umetajwa kwa jina la kazi inayofanya.